Viazi vya Kuoka kwa Mafuta Kidogo: Shughulikia Maji Kwanza

Kwa miaka mingi nilimimina mafuta juu ya viazi kwa kukadiria kwa macho, mpaka siku moja nilipoipima chupa kwenye mizani kabla na baada ya kumimina, nikakuta kwamba kilo 1 ya viazi imekwenda na gramu 90 za mafuta. Kwa kuwa kila gramu ya mafuta hubeba takriban kilokalori 9, nilikuwa nimeongeza kilokalori 800 kwenye chakula ambacho chenyewe karibu hakina mafuta kabisa. Ni kweli kwamba kiasi fulani hubaki kwenye trei, lakini kingi huliwa. Leo, kwa kilo ile ile, natumia kijiko 1 na nusu cha chakula, yaani gramu 20 hivi, na mezani hakuna anayeona pengo.

Jaribio langu la kwanza halikufaulu, kwa sababu nilipunguza mafuta tu na mengine yote nikayaacha yalivyokuwa: viazi vibichi, trei ya baridi, mafuta ya kunyunyiza. Vilitoka vimepauka, ngozi imekakamaa, na vingi vikaganda kwenye trei. Nilikuwa nikiamini kwamba mafuta ndiyo yanayokipa kiazi lile ganda linalovunjika mdomoni, kumbe ganda hilo ni wanga wa juu ya kiazi uliokaushwa vizuri. Kazi ya mafuta ni kufikisha joto sawasawa kwenye uso wa kiazi, na kwa kazi hiyo utando mwembamba unatosha. Tatizo lenyewe ni maji. Kiazi kibichi ni maji kwa takriban asilimia 80, na maadamu uso wake ungali umelowa, joto lake halitapanda vya kutosha kukigeuza rangi, hata ukimwagia chupa nzima.

Kwa hiyo anza kwa kuvichemsha. Chagua viazi vyenye unga, vile vinavyosambaratika kwa urahisi ukivichemsha mno, na uvikate vipande vikubwa, kwa sababu vipande vidogo vina eneo kubwa zaidi la nje la kushika mafuta. Katika lita 2 za maji yenye chumvi tia nusu ya kijiko cha chai cha magadi soda ya kupikia (baking soda). Magadi hayo hulegeza kile kinachoshikilia seli za kiazi, hivyo wanga hujitokeza juu. Baada ya dakika 10 hivi, kisu kinapoingia bila shida pembeni ingawa katikati pangali pagumu kidogo, chuja maji yote.

Hatua inayofuata ndiyo ninayokusihi usiiharakishe. Acha viazi ndani ya chujio kwa dakika 10, bila kuvifunika, mvuke utoke. Utaona uso wake ukibadilika kutoka kung'aa na kuwa mweupe uliofifia, kama chaki. Hapo virudishe kwenye sufuria kavu, funika, kisha utikise kwa nguvu mara 5 au 6, mpaka pembe zichubuke na kila kipande kivae tabaka la ujiuji mzito. Tia mafuta yako yaliyopimwa humo humo ndani ya sufuria, si kwenye trei, na ugeuze taratibu kwa mkono au mwiko. Ujiuji ule huyashika mafuta na kuyaeneza kote, hivyo hakuna tone linalopotea chini.

Wakati huo trei iwe tayari imo ndani ya oveni yenye nyuzi 220 za Selsiasi, ikiwa imetandikwa karatasi ya kuokea inayostahimili joto hilo. Panga viazi kwa nafasi, kwani vikibanana vitapikana kwa mvuke wao wenyewe, na usiviguse kwa dakika 20 za mwanzo. Kipande ambacho ganda lake limekamilika huachia chenyewe. Kikikataa, kipe muda zaidi. Vigeuze mara moja, kisha uendelee kwa dakika nyingine 20 hadi 25. Kitunguu saumu kitie mwishoni kabisa, kwa sababu huungua upesi na kuwa kichungu.

Wako wanaobadilisha aina ya mafuta wakidhani wamepunguza kiasi. Mafuta ya zeituni ni bora kuliko mafuta ya wanyama kwa afya ya moyo, nami huyatumia, lakini kijiko chake kina kilokalori sawa na mafuta mengine ya maji, kwa hiyo nayo yapimwe. Angalia pia unachochovyea: mayonezi ya kawaida ni mafuta kwa sehemu kubwa, na vijiko viwili tu vinaweza kurudisha sehemu ya mafuta uliyoyapunguza. Mtindi uliochanganywa na limau na chumvi unafaa zaidi.

Jambo moja linanitia wasiwasi kwa wanaoanza njia hii, nalo ni kuviacha viazi ndani ya oveni mpaka viwe kahawia iliyokolea ili kufidia mafuta yaliyopungua. Vyakula vya wanga vinapookwa kwa joto kali hutengeneza akrilamidi, kemikali ambayo wanasayansi nchini Sweden walitangaza mwaka 2002 kwamba imo katika vyakula vya namna hii, na ambayo inashukiwa kuchangia saratani. Kadiri rangi inavyokolea, ndivyo inavyoongezeka. Mimi huvitoa vikiwa na rangi ya dhahabu, hata kama kipande kimoja au viwili bado vimepauka upande mmoja.