Maswali ya Wasomaji: Kesi za Uchawi za Salem, 1692

Barua nyingi za safari hii zimeuliza juu ya Salem, katika koloni la Massachusetts, ambako Wapuritani, Waprotestanti wenye msimamo mkali wa dini, walishitakiana uchawi hadi watu wakapoteza roho. Zilizofanana tumeziunganisha.

*Mimi na mwenzangu tumebishana. Yeye anashikilia kwamba wachawi wa Salem walichomwa moto, mimi nasema walinyongwa. Nani mkweli?*
Mbishi

Wewe, Ndugu Mbishi. Hakuna hata mmoja aliyechomwa. Massachusetts ilikuwa koloni la Uingereza, na kwa sheria ya Kiingereza mchawi alihukumiwa kitanzi. Moto ulikuwa wa Scotland, ambako kwa kawaida mtu alinyongwa kwanza ndipo akachomwa, na wa sehemu nyingi za bara la Ulaya.

Walionyongwa Salem ni 19: wanawake 14 na wanaume 5. Mzee Giles Corey aliuawa kwa njia nyingine, tutamfikia. Angalau watu 5 walifia gerezani, mmoja wao mtoto mchanga wa Sarah Good. Walioshitakiwa kwa jumla ni kati ya 150 na 200. Wala Salem haikuwa ya kwanza: Alse Young alinyongwa Hartford, Connecticut, mwaka 1647, miaka 45 kabla.

*Nasoma sheria. Kesi ilikwenda vipi tangu mtu kutajwa hadi kunyongwa? Au lilikuwa kundi la watu wenye hasira tu?*
Mwanafunzi wa sheria

Lingekuwa kundi la watu wenye hasira, habari ingekuwa fupi. Hapa kila hatua ilikuwa na karatasi yake, mwandishi wake na saini yake, na nyaraka hizo ndizo zinazotuwezesha kuifuata kesi siku kwa siku.

Kwanza, malalamiko. Wasichana wa kijijini walioanguka vifafa na kupiga mayowe, wakidai wamerogwa, walikuwa wadogo, hivyo waliokwenda kwa mahakimu ni wanaume. Tarehe 29 Februari 1692 wanne kati yao, akiwamo Thomas Putnam, waliwashitaki Sarah Good, Sarah Osborne na Tituba, mtumwa wa mchungaji Samuel Parris. (Ukikuta waraka wa Februari umeandikwa mwaka 1691, usidhani ni kosa, mwaka wao ulianza tarehe 25 Machi.) Hakimu akatoa hati ya kukamata.

Pili, mahojiano ya awali mbele ya mahakimu John Hathorne na Jonathan Corwin. Yalifanywa hadharani, wanaodai kurogwa wakiwa wamekaa mbele. Hathorne hakuuliza kama mtu aliyetaka kujua. Alianza na swali lililokwisha kumtia mtu hatiani: kwa nini unawatesa watoto hawa? Mshitakiwa akiuma mdomo, wasichana walilia kwamba wameumwa. Akiinamisha kichwa, nao vichwa vyao vikapinda. Mwandishi aliyaandika yote.

Tatu, gereza. Hapa mambo yalikwama kwa miezi, kwa sababu hati ya zamani iliyolipa koloni mamlaka ya kujitawala ilikuwa imefutwa mwaka 1684 na gavana mpya alikuwa njiani. Sir William Phips alitia nanga Boston tarehe 14 Mei akakuta magereza yamefurika. Tarehe 27 Mei akaunda mahakama maalumu, naibu wake William Stoughton akiwa jaji mkuu.

Nne, juri kuu, jopo la raia wanaopima mashitaka kabla ya kesi, liliamua kama hati ya mashitaka isimame. Soma hati hizo kwa makini, ndugu yangu, maana wengi hulipita jambo hili. Tarehe ya kosa mara nyingi ni siku ileile ya mahojiano. Bridget Bishop alishitakiwa kwa kuwatesa wasichana tarehe 19 Aprili, siku aliyosimama mbele ya Hathorne. Kosa la kifo lilihitaji mashahidi wawili, na ng'ombe aliyekufa zamani au mtoto aliyeugua miaka kumi iliyopita hakuwa na mashahidi wawili. Kifafa cha chumba cha mahakama kilikuwa na mashahidi ukumbi mzima.

Tano, kesi yenyewe mbele ya raia 12 wa juri. Mshitakiwa hakuwa na wakili. Bishop alihukumiwa mapema Juni, Stoughton akatia saini hati ya kifo tarehe 8, naye akanyongwa tarehe 10.

Juri halikuwa la kupiga muhuri tu siku zote. Kwa Rebecca Nurse, bibi wa miaka 71 ambaye majirani 39 walitia saini kumtetea, lilisema kwanza kwamba hana hatia. Wasichana wakapiga makelele, na Stoughton akawakumbusha wanajuri neno moja: mwanamke aliyekiri uchawi alipoletwa ukumbini, Nurse alisema huyo ni mmoja wetu. Wanajuri wakataka maelezo, bibi akanyamaza. Wakarudi na hatia. Baadaye alieleza kwamba alimaanisha mfungwa mwenzao, na kwamba alikuwa mzito wa masikio, hakusikia alipoulizwa.

*Ushahidi wa mizuka ulikuwa nini hasa? Na mtu angejiteteaje?*
Mwalimu wa sekondari

Msichana anasema: nimemwona mzuka wa mama fulani umekuja chumbani usiku ukanikaba. Mama huyo anajibu kwamba alikuwa amelala kwake, na mumewe anaapa hivyo hivyo. Haisaidii kitu, kwa kuwa hakuna aliyedai kwamba mwili wake ulitoka nyumbani. Umeona mtego ulipo?

Mabishano ya wakati huo hayakuwa kama mizuka ipo. Waliulizana kama Ibilisi anaweza kuvaa sura ya mtu asiye na hatia. Stoughton aliamini kwamba Mungu hamruhusu, kwa hiyo mzuka wenye sura yako ni ushahidi kwamba umeridhia. Wachungaji wa Boston waliandika tarehe 15 Juni kuonya kwamba Ibilisi anaweza, na kwamba ushahidi huo pekee hautoshi. Kwa bahati mbaya waraka huohuo ulimalizia kwa kuhimiza kesi ziendelee kwa haraka na nguvu. Mahakama ikachukua mkia ikaacha kichwa.

Ushahidi mwingine ulijazia. Katika kesi ya Bishop, mafundi waliobomoa ukuta wa ghala la chini la nyumba aliyowahi kukaa waliapa kwamba walikuta vinyago vya matambara vilivyochomwa pini. Kulikuwa na jaribio la kugusa: anayetetemeka akigusa mkono wa mshitakiwa akatulia, basi sumu imerudi kwa mwenyewe. Na kulikuwa na kukaguliwa mwili kutafuta titi ambalo pepo hunyonya. Tarehe 2 Juni wanawake tisa na daktari waliwakagua washitakiwa asubuhi wakakuta vinyama. Walipowakagua tena alasiri, kwa baadhi yao havikuonekana. Mtu angetarajia hilo liwaokoe. Lilichukuliwa kama ushahidi zaidi.

Kujitetea kwa kukana kulikuwa njia ya kitanzini. Hakuna aliyekiri akashikilia ungamo lake akanyongwa mwaka huo. Tituba alikiri Machi, akasema ameona alama tisa katika kitabu cha Ibilisi. Wenye alama ikabidi watafutwe, na kila aliyekiri baada yake akawa shahidi wa kuwataja wengine. Samuel Wardwell alikiri, kisha akafuta ungamo lake. Walimnyonga tarehe 22 Septemba.

*Nimesikia habari ya keki iliyopewa mbwa. Ilitengenezwaje, na kwa nini mbwa?*
Mama jikoni

Unga wa rai, nafaka ya jamii ya ngano, ulikandwa kwa mkojo wa wasichana waliougua, ukaokwa kwenye majivu ya moto, mbwa akalishwa. Aliyeelekeza ni jirani, Mary Sibley, mshirika wa kanisa. Waliokanda ni watumwa wa nyumba ya Parris. Ilikuwa dawa ya kienyeji ya Kiingereza: kitu cha mchawi kimo mwilini mwa aliyerogwa, hivyo ukikitesa kilicho kwenye mkojo, mchawi ataumia na kujitokeza. Parris alipojua aliwaka kanisani, akasema huko ni kumwendea Ibilisi kuomba msaada dhidi ya Ibilisi. Sibley alikiri kosa mbele ya washirika akasamehewa. Wasiokuwa na kiti kanisani hawakupata bahati hiyo.

*Giles Corey alikandamizwa kwa mawe kwa sababu gani? Nasikia alikuwa anaokoa shamba lake.*
Mkulima

Hiyo ya shamba inarudiwa sana, nasi hatuikubali. Corey, mzee wa miaka themanini hivi, alikataa kusema kwamba anakubali kuhukumiwa na juri. Sheria ya Kiingereza haikuwa na namna ya kumhukumu mtu kama huyo. Ilikuwa na namna ya kumlazimisha. Alilazwa chini, ubao juu yake, mawe yakaongezwa moja moja hadi akubali au afe. Alikufa tarehe 19 Septemba, siku tatu kabla ya mkewe Martha kunyongwa.

Ardhi alikuwa amekwisha kuwaandikia wakwe zake kwa hati mwezi Julai, kwa hiyo haikuhitaji kifo chake. Kilichokuwa hatarini ni mali inayobebeka. Sherifu George Corwin alichukua ng'ombe na vyombo vya watu hata kabla hawajahukumiwa. Binti wa Corey alilalamika miaka mingi baadaye kwamba sherifu alitishia kufanya hivyo kwao, wakamlipa pauni 11 na shilingi 6 aondoke. Kwa maoni yetu mzee alikuwa ameona juri lile likimtia hatiani kila anayeletwa, akakataa kulihalalisha.

*Je, si kweli kwamba wasichana walikula rai yenye kuvu wa sumu?*
Muuguzi

Nadharia hiyo ilitoka mwaka 1976, ikajibiwa mwaka huohuo. Sumu ya kuvu ile haichagui: wanaokula mkate mmoja huugua pamoja, watoto wadogo zaidi. Hapa waliugua baadhi ya watu wa nyumba, tena wakianguka mshitakiwa anapoingia na kutulia anapotolewa. Tafuta sababu kwingine: vita na Wafaransa na Waindio, wenyeji asilia wa Amerika, mpakani Maine, ambako baadhi ya wasichana hawa walipoteza wazazi, na kijiji kilichogawanyika kuhusu mchungaji wake kiasi kwamba Oktoba 1691 kamati mpya ilikataa kukusanya mshahara wa Parris.

*Waliofutiwa mashitaka walirudi nyumbani tu?*
Msomaji wa siku nyingi

Walirudi wakishalipa. Mfungwa alidaiwa chakula, shilingi 2 na peni 6 kwa wiki, na ada za mlinzi wa gereza, awe na hatia au hana. Minyororo nayo ilifikiriwa kuzuia mzuka usitoke, kwa hiyo hata Dorothy Good, mtoto wa miaka minne au mitano, alifungwa hivyo kwa miezi. Baba yake aliandika mwaka 1710 kwamba binti hakuwa tena na akili za kujitunza. Akalipwa pauni 30. Lydia Dustin aliachiwa na mahakama mapema 1693 lakini hakuwa na fedha, akafia ndani mwezi Machi. Tituba alikaa karibu miezi 13, hadi mtu mwingine alipolipa deni na kumchukua.

*Yaliishaje, na waliohukumiwa walisafishwa lini?*
Mpenda historia

Phips aliivunja mahakama ile tarehe 29 Oktoba 1692. Mahakama mpya ilikaa Januari, Stoughton yuleyule kitini. Kilichobadilika ni kwamba ushahidi wa mizuka haukupokelewa tena. Wakapatikana na hatia watatu tu, wote wakiwa wamekiri. Stoughton alitia saini hati za kifo za watu wanane, hao pamoja na watano wa zamani. Phips akazizuia, na jaji akaondoka kitini kwa hasira.

Siku ya mfungo wa toba, tarehe 14 Januari 1697, jaji Samuel Sewall alisimama kanisani Boston wakati kauli yake ya kukubali lawama ikisomwa. Wanajuri 12 nao waliomba radhi kwa maandishi. Ann Putnam mdogo, aliyekuwa miongoni mwa washitaki wakubwa, aliomba radhi mwaka 1706. Stoughton hakuomba.

Mwaka 1711 bunge la koloni lilifuta hukumu nyingi na kutenga pauni 578 na shilingi 12 kwa familia. Lakini orodha ilifuata walioomba, na asiyekuwa na ndugu wa kumwombea aliachwa. Baadhi walitajwa kwa majina mwaka 2001 tu. Wa mwisho alikuwa Elizabeth Johnson mdogo, mmoja wa wale watatu wa Januari 1693. Yeye mwenyewe aliomba mwaka 1712 bila kufanikiwa, na hakuacha watoto. Waliolifufua jina lake ni wanafunzi wa darasa la nane wa North Andover na mwalimu wao. Hukumu yake ilifutwa Julai 2022, kwa kifungu kilichopachikwa ndani ya bajeti ya jimbo.