Kichwa Changu Kilikuwa Kinaanzia Jumamosi

Jumapili iliyopita nimemaliza kilomita 21 hapa Tanga, kisha nikarudi nyumbani nikapika. Naitaja habari ya kupika kwa makusudi. Kwa miaka mitatu, kila nilipokimbia zaidi ya saa moja na nusu, siku iliyobaki niliimalizia kitandani kwa maumivu ya kichwa, pazia zimefungwa, kitambaa cha maji baridi usoni, watoto wakikatazwa hata kufungua redio. Safari hii nilikuna nazi, nikapika wali na samaki, jioni nikaenda kuwaamkia wakwe. Kichwa kimetulia tuli.

Usiku wa siku hiyohiyo nikapata ujumbe wa binti mmoja wa Muheza: "Shikamoo dada. Nikifika kilomita 12 kichwa kinaanza kupwita upande mmoja, nikirudi nyumbani natapika. Mama anasema niache mbio, kocha anasema najidekeza. Nifanye nini?" Nilipolifikia hilo neno la kujidekeza nikasema, huyu namjibu kwa urefu, na wenzangu mnaojiandaa kwa kilomita 21 na 42 nanyi msome.

Neno hilo nami niliambiwa. Ilikuwa Januari, joto la kaskazi limekaza. Kikundi chetu kilitoka Chumbageni saa moja na nusu asubuhi kwa sababu watu walichelewa kukusanyika, tukashika njia ya Pongwe. Anayeijua njia ile anajua kuna vipande ambavyo ni jua, lami na mkonge, kivuli hakuna. Nami nilitoka kwa kasi, nataka kukaa na wa mbele. Kama kilomita ya 13 nikaona pembeni mwa jicho la kushoto kitu kinametameta, mistari iliyovunjikavunjika kama meno ya msumeno. Nikadhani ni jasho, nikafuta. Kikabaki. Nikafumba jicho moja, bado kipo. Baada ya dakika ishirini hivi mistari ikapotea, ndipo kichwa kikashika, nyuma ya jicho la kulia, kikigonga sawa na mapigo ya moyo. Nikakaa kwenye mzizi wa mwembe nikatapika maji matupu. Kiongozi wetu akarudi nyuma, akanitazama, akasema mbele ya watu kumi na kitu: "Dada, mbio si za watu wa kujidekeza. Panda bodaboda urudi."

Nikapanda. Sijasahau mpaka leo, wala yeye hajaniomba radhi mpaka leo, ingawa Jumapili alikuwepo pale kwenye utepe na aliniona nikipita kwa miguu yangu.

Zahanati niliyokwenda wakanipima malaria. Kipimo kikasema sina, na bado nikapewa dawa mseto ya siku tatu. Huku pwani kichwa kikiuma kupima malaria ni lazima, ipo na inaua, simlaumu mtu kwa kupima. Lakini kipimo kikisema haipo, basi atafutwe mchawi mwingine. Hakuna aliyeniuliza: kinauma ukiwa unafanya nini?

Aliyekuja kuniuliza hivyo ni daktari mmoja, miezi mingi baadaye. Akanipa na jina: kipandauso. Akanieleza kwamba kuna kichwa kinacholetwa na mazoezi yenyewe, kinachopwita wakati wa kujitahidi au mara tu baada yake, hakizidi siku mbili, na hupenda kutokea kwenye joto au kwenye miinuko mirefu. Halafu kuna kipandauso, ambacho mtu anacho tayari, mbio zinakichokoza tu. Hiki huja na kichefuchefu na kuchukia mwanga na kelele, na kisipotibiwa kinaweza kukaa saa 4 hadi 72. Hutupata sisi wanawake kama mara tatu kuliko wanaume, na wengi wetu huzidiwa siku za hedhi, homoni ya estrojeni inaposhuka. Nilimsikiliza nikalia pale kwenye kiti. Si kwa uchungu. Ni kwa kuona kumbe kitu hiki kina jina na si tabia yangu mbaya.

Kisha akaniambia, nunua daftari.

Ushauri wangu wote umo ndani ya daftari hilo. Usiandike siku ya mbio peke yake, andika na siku iliyotangulia. Ulilala saa ngapi, ulikula nini, chai ngapi, maji kiasi gani, jua lilikuwaje, hedhi ipo karibu au mbali. Miezi minne nikawa na mbio ndefu 11, na kichwa kimeniuma mara 7. Nikazipanga hizo 7 mezani. Zote zilitanguliwa na Jumamosi ya namna moja. Harusi au shughuli, chakula cha mchana basi, kulala saa saba usiku, na Jumapili asubuhi nimeacha chai kwa kuogopa kubanwa na haja ndogo njiani.

Mimi ni mtu wa chai, vikombe vinne kwa siku, ya rangi, imekolea. Mwili uliozoea kafeini, ile ya kwenye chai na kahawa, ukikatiziwa huanza kudai kwa njia ya kichwa, mara nyingi kuanzia saa 12 mpaka 24 tangu kikombe cha mwisho. Changu cha mwisho kilikuwa saa kumi alasiri. Kikundi kikiondoka saa moja na nusu asubuhi, zimeshapita saa 15. Yaani nilikuwa naanza kukimbia na kichwa ambacho tayari kimeshapanda nusu ya ngazi, halafu namlaumu jua.

Sasa Jumamosi nakula usiku, hata kama ni muhogo na samaki, na saa nne niko kitandani. Shughuli za watu nahudhuria mchana, wanaonuna wanune. Alfajiri nikishaswali nakunywa chai yangu na vipande viwili vya boflo, naondoka jua halijatoka.

Kwenye maji nilikosea kwa upande wa pili. Niliposikia jasho linaleta kichwa, nikaanza kunywa maji matupu kila kituo, hata bila kiu. Siku moja nilirudi na vidole vimevimba, pete haitoki, kichwa kizito cha namna nyingine, natapika. Maji yakizidi bila chumvi, sodiamu, yaani madini ya chumvi, kwenye damu inashuka, na ikishuka sana mtu anachanganyikiwa na anaweza kufa. Kwa hiyo sasa najipima kwenye mizani kabla na baada ya mbio. Kilo iliyopungua ni karibu lita moja ya jasho. Nikirudi nina uzito zaidi ya niliotoka nao, nimekunywa kupita kiasi. Na hewa yetu hii ya bahari ina unyevu mwingi, jasho halikauki, linadondoka tu bila kuupoza mwili, kwa hiyo mkimbiaji wa Tanga anapoteza chumvi nyingi. Kwenye mbio za zaidi ya saa moja nabeba mchanganyiko wangu: maji safi lita moja, sukari vijiko vya chai 6 vya kusawazishwa, chumvi nusu kijiko cha chai, nakamulia ndimu. Madafu nayapenda mno, lakini yana madini ya potasiamu mengi na sodiamu kidogo, hayatoshi peke yake.

Na kuanza. Dakika 15 za mwanzo natembea kwa haraka kisha nakimbia pole, mpaka nifike Raskazone, kule ufukweni, bado naweza kuongea sentensi nzima. Wanaonipita wanipite. Kofia yenye ukingo, isiyobana paji la uso.

Sasa niseme na nyinyi mnaomeza diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, kabla ya mbio "kujikinga". Acheni. Nawaona pale kwenye kuegesha magari mkigawiana vidonge kama karanga. Dawa za jamii hiyo mwili ukiwa umekaukiwa zinaumiza figo, na mtu anayemeza vituliza maumivu vya kawaida siku 15 au zaidi kwa mwezi, miezi ikifuatana, dawa zenyewe zinageuka kuwa chanzo cha kichwa. Dawa za kuzuia zipo, daktari anaweza kukupa indomethasini umeze kabla ya zoezi au propranololi ya kila siku, ila achague yeye baada ya kukupima presha na figo. Kugawiwa na rafiki si matibabu.

Na kuna kichwa ambacho si cha kuandikwa kwenye daftari. Kikikupiga ghafla kama radi, kikafika kileleni ndani ya dakika moja. Kikija na shingo kukakamaa, kuzimia, kuona viwili viwili, mkono au mguu kulegea, maneno kukosa mpangilio. Au kama una umri wa miaka 40 na zaidi na ndiyo mara yako ya kwanza. Au kinakuja pamoja na kifua kubana: hospitali saa hiyohiyo. Inaweza kuwa damu inavuja kwenye ubongo, au moyo. Hata kichwa cha kawaida cha mbio, mara ya kwanza kabisa kitakapokupata, kaonwe kwanza.

Kuhusu kuacha mbio, mwambie mama kwa upole kwamba utafiti wa Gothenburg, Uswidi, uliochapishwa mwaka 2011, uliwapa wagonjwa wa kipandauso mazoezi ya dakika 40 mara tatu kwa wiki, na vipandauso vikapungua kiasi kinacholingana na wale waliopewa topiramati, dawa ya kuzuia kipandauso. Mbio zilizopangwa vizuri ni sehemu ya tiba.

Kwa hiyo mdogo wangu wa Muheza: wiki hii kamwone daktari, mwambie kilomita 12, upande mmoja, kutapika, kwa maneno hayohayo. Akikuruhusu, Jumapili usikimbie 12. Kimbia 8, pole, jua halijapanda, umekula na umekunywa chai kama unavyokunywa siku zote. Jumamosi usiku andika ukurasa wa kwanza, uupige picha unitumie. Kocha wako akisema lile neno tena, mpe namba yangu.