Mkuu, zima waifai kwanza kabla hujahamisha hiyo namba

Mkuu, simamisha hiyo Ijumaa. Usijaze fomu, usimpe mtu yeyote ruhusa ya kuhamisha namba yako, mpaka umalize kusoma hapa.

Nimesoma swali lako mara mbili. Umepata kampuni ya simu ya bei ya chini, simu zake zinapita kwenye waifai kwanza na mnara unabaki wa akiba. Nyumbani kwako mtandao wa simu ni hafifu ila intaneti ina kasi. Umeuliza kama sauti itakuwa safi, simu gani ununue, kama meseji za benki zitaingia, na itakuwaje ukisafiri. Halafu mwishoni, kama jambo dogo, ukaandika kwamba Ijumaa unahamisha namba yako ya miaka yote kwenda huko, kwa sababu uliijaribu laini ya rafiki yako ukiwa sebuleni na sauti ilikuwa safi kabisa. Hapo ndipo roho iliponiruka. Sentensi hiyo niliisema mimi, neno kwa neno.

Sebuleni. Ruta yako iko wapi? Sebuleni. Waifai ilikuwa imewashwa? Ilikuwa imewashwa. Basi hiyo laini hujaijaribu. Umeijaribu intaneti yako, ambayo tayari unaijua na tayari unailipia.

Nilihama kwa sababu hizohizo zako. Kampuni ya zamani ilikuwa inanikamua, hii mpya ilikuwa chini ya nusu ya bei. Nikapiga simu tatu nikiwa kwenye kochi, sauti ikaja nzuri kuliko niliyoizoea. Kabla ya kuhama nilimuuliza mtu wa huduma kwa wateja kwenye chati, kwa maneno ya wazi: nyumbani kwangu mtandao wa simu ni wa shida, je, itakuwaje? Akajibu: "Kama intaneti yako inafungua video, simu zako zitapita bila shaka yoyote." Sikuuliza zaidi. Nikahamisha namba yangu siku hiyohiyo, nikamhamisha na mke wangu ili tupate punguzo la laini mbili. Namba ikishahama, laini ya zamani inakufa. Huwezi kuirudisha ile kadi kwenye simu na kuendelea kama jana.

Wiki ya tatu, saa nane usiku, umeme ukakatika.

Mama yangu alikuwa kwetu, na mama ana pumu. Nilisikia kifua chake kikipiga miluzi kabla sijafika mlangoni kwake. Nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono magotini, mabega yanapanda na kushuka, anakitikisa kile kichupa chake cha dawa ya kuvuta na hakitoi kitu. Mwanangu wa miaka tisa alikuwa ameshaamka, amesimama na tochi, mwanga unacheza ukutani kwa jinsi mkono wake ulivyokuwa unatetemeka. Nikashika simu nimpigie kaka, ndiye mwenye gari na anakaa karibu. Nikabonyeza. Simu ikakaa kimya muda mrefu, ikaandika kwamba imeshindikana. Nikarudia. Nikarudia tena. Ndipo nikatazama juu ya skrini: alama ya waifai haipo, na pale penye vipau vya mtandao hakuna hata kimoja. Mke wangu akanipa simu yake. Ni kampuni hiyohiyo, nayo tupu. Nikamulika sebuleni, ruta ilikuwa giza, taa zote zimezima.

Mkuu, mnara wa kampuni ile hauingii ndani ya nyumba yangu, wala haukuwahi kuingia hata siku moja. Wiki tatu zote nilikuwa napiga na kupigiwa kwa waifai tupu, na sikujua, kwa sababu jina la kampuni lilikuwa linakaa juu ya skrini vilevile na simu zilikuwa zinaita vilevile. Laini yangu ya zamani, ile niliyokuwa naiita mbovu kila siku, ilikuwa na kipau kimoja pale dirishani chumbani kwa mama. Kipau kimoja kingetosha kumwamsha kaka.

Nilitoka mbio, peku, nimeinua simu juu kama mtu anayesimamisha gari, mpaka kwenye kona ya barabara. Hapo vikaja vipau viwili. Kutoka jaribio la kwanza mpaka kaka kupokea ni dakika 11, zimeandikwa kwenye orodha ya simu zilizopigwa na sijaifuta mpaka leo. Dakika hizo mke wangu alikuwa amemshika mama mgongoni, anamwambia avute taratibu, atoe taratibu.

Kaka alifika. Hospitali walimvutisha dawa kwa mashine, na kabla ya alfajiri kifua kikatulia. Namshukuru Mungu, mama yupo, mzima. Lakini asubuhi aliniuliza, "Kwani simu yako iliharibika, mwanangu?" nikashindwa kumjibu. Ningemwambia nini? Kwamba simu ni nzima, ila niliibadilisha kwa sababu ya bei?

Najua kuna atakayesema ungepiga namba ya dharura. Ni kweli, na ulijue hilo: ukipiga 112 au namba ya dharura ya nchi uliyopo, simu inaweza kudandia mnara wa kampuni yoyote inayoufikia, hata kama si yako. Usiku ule sikulifikiria, akili yangu yote ilikuwa kwa kaka. Na kumpigia kaka, mnara wa kampuni nyingine haukubali kukubeba. Vilevile ukipiga dharura kupitia waifai, usidhani wanaojibu wanakuona ulipo kama vile unapopitia mnara. Mara nyingi wanachokiona ni anwani uliyoiandika wakati unawasha huduma. Marekani ilibidi FCC, yaani mamlaka yao ya mawasiliano, mwaka 2005, iyalazimishe makampuni ya simu za intaneti kuwaunganisha wateja na 911, namba ya dharura ya huko, pamoja na anwani waliyojiandikisha. Mimi baada ya usiku ule nilifungua mipangilio ya simu nikakuta imekaa anwani ya nyumba tuliyohama zamani, kwa sababu ndiyo iliyokuwa kwenye akaunti yangu ya malipo na niligonga "endelea" bila kusoma. Fikiria gari la wagonjwa linagonga mlango wa watu wengine.

Nirudi kwa yule wa kwenye chati, maana hasira yangu kwake haijaisha. Nilimuuliza habari ya mnara, akanijibu habari ya video. Na hata hiyo ya video yenyewe si kweli. Video inajipakia mapema, inaweka akiba ya sekunde kadhaa mbele, intaneti ikikwama kidogo wewe huoni. Mazungumzo hayana akiba. Neno likichelewa limechelewa. Kasi yenyewe simu inayohitaji ni ndogo mno: AMR-WB, mfumo wa sauti unaotumika sana kwenye simu hizi, mwisho wake ni kilobiti 23.85 kwa sekunde, na ukijumlisha vifungashio vyote vya njiani bado hufiki kilobiti 100. Kwa hiyo mtu akikusifia kasi ya intaneti yako kwa ajili ya simu, hajui anachosema, au anajua na anataka usaini. Cha kupima ni ucheleweshaji na sauti zinazopotea njiani. ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, wanashauri sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kufika upande wa pili. Kwangu mimi mchana kipimo cha kwenda na kurudi kilikuwa milisekunde 20 na kitu, lakini jioni simu za nyumbani zikianza kupandisha picha kwenye hifadhi ya mtandaoni, kilikuwa kinaruka mpaka 600 na zaidi. Kasi ilikuwa ileile na video zilikuwa zinafunguka, lakini kwenye simu tulikuwa tunakatizana maneno, kila mmoja anasema "endelea wewe". Ruta ikiwa na sehemu ya kupanga foleni au kuipa sauti kipaumbele, iwashe. Kwangu ilipunguza sana.

Na wale wa kwenye video za kuchambua laini, nao nina neno nao. Yule niliyemtazama mimi alikuwa amekaa mezani na ruta yake inaonekana nyuma ya bega, taa zinawaka. Dakika zaidi ya kumi, hakuzima waifai hata mara moja. Watu wanahama na familia zao kwa kumsikiliza mtu wa namna hiyo.

Baada ya usiku ule nilifanya lingine ambalo nalo usilirudie. Nikanunua betri ndogo ya kuishika ruta umeme ukikatika, nikalala kwa amani. Umeme ukakatika tena, ruta ikabaki inawaka, simu inaonyesha waifai imejaa, na simu haitoki! Kumbe intaneti ya nyuzi inaingia kwanza kwenye kile kiboksi kidogo cheupe ukutani, na kiboksi kina waya wake wa umeme ambao sikuuweka kwenye betri. Waifai ilikuwepo lakini haiendi popote, na simu ikaendelea kuing'ang'ania badala ya kuiachia. Kwa hiyo ukiona alama ya waifai imejaa usidhani una intaneti. Na ukiamua kununua betri, fuata waya mmoja mmoja kutoka ukutani mpaka kwenye ruta, kila kinachokula umeme kiwe juu yake. Hata hivyo betri itakusaidia siku ya umeme tu. Siku waya wa intaneti ukikatika huko nje, au umechelewa kulipa bili, haikusaidii lolote.

Sasa sikiliza utakavyofanya, na hili nakuomba kama ndugu. Acha namba yako ilipo. Nunua laini ya hiyo kampuni yenye namba mpya, kifurushi cha chini kabisa, iweke kwenye nafasi ya pili ya kadi au kama eSIM, ile laini isiyo na kadi, inayopakiwa ndani ya simu. Halafu zima waifai kwenye simu. Izime kabisa kwenye mipangilio ya simu, usiiache iwe imepoteza ruta tu. Kaa siku saba hivyo, na laini hiyo ndiyo uitumie kupigia. Ingia kila chumba: chumbani, jikoni, bafuni, stoo. Piga ukiwa umefunga mlango. Piga asubuhi na piga saa za jioni watu wote wanapokuwa mtandaoni, kwa sababu kampuni nyingi za bei ya chini hazina minara yao, zinakodi kwa wakubwa, na mnara ukijaa mteja wa kukodi anaweza kuwekwa nyuma ya wateja wa mwenye mnara. Mwambie mtu akupigie, usipige wewe tu. Kinachobaki waifai ikiwa imezimwa ndicho unachonunua.

Kama kuna chumba ambacho laini inakufa, na kwenye chumba hicho analala mtu mzee au mtoto au mgonjwa, usihamishe namba. Sitaki kusikia habari ya bei hapo.

Ukimaliza siku saba, geuza: weka simu kwenye hali ya ndegeni, washa waifai peke yake, pima na hiyo. Ipeleke na kazini. Simu ya waifai inajenga njia yake ya siri kwenda kwa kampuni kupitia milango ya UDP namba 500 na 4500, yaani njia za kimtandao ambazo mwenye waifai anaweza kuzifungua au kuzifunga, na waifai nyingi za maofisini na hotelini zinaifunga milango hiyo. Mtandao unafungua kurasa zote vizuri lakini simu haitoki, na huwezi kumlaumu mtu. Pia anza mazungumzo ndani, utoke nje ya geti ukiwa unaongea. Kuna kampuni zinazokupokeza kutoka waifai kwenda mnara bila wewe kujua, na kuna zinazokata simu pale pale mlangoni. Yangu ilikuwa inakata.

Sisemi kampuni hizi ni wezi. Ile laini bado ninayo, imekaa nafasi ya pili, naitumia nikiwa nyumbani kwa mazungumzo marefu na ndugu, na inanipunguzia gharama. Lakini namba yangu na ya mke wangu zimerudi kwenye kampuni ya zamani, ile yenye kipau kimoja dirishani. Kuzirudisha kulichukua siku nne za kupigishwa danadana, na siku zote nne nililala na kiti nimekiegesha kwenye mlango wa mama ili nimsikie.

Ijumaa bado siku tatu. Leo jioni rafiki yako akija na ile laini yake, msikae sebuleni. Zimeni waifai, mwende chumba cha nyuma kabisa, mfunge mlango, mpige. Halafu uje uandike hapahapa umepata vipau vingapi, chumba kwa chumba. Nitakuwepo.