Ukifiwa kwa Ajali Marekani, Usiongee na Mtu wa Bima

Wiki iliyopita kesi ya mdogo wangu iliisha kwa makubaliano. Kiasi msiniulize, tulisaini kwamba hatutakitaja. Lakini kuna dada yuko Iowa, mumewe kagongwa na lori mwezi jana, kaniandikia usiku wa manane: "Kaka, nianzie wapi?"

Dada yangu, anza kwa kufunga mdomo.

Mdogo wangu aligongwa na lori alfajiri kwenye barabara ya I-20, hapa Texas, akitoka kazini. Siku ya tatu, nyumba imejaa watu na maiti haijatoka mochwari, simu ikaita. Mama mmoja, sauti ya upole kama shangazi yako, anatoka bima ya kampuni ya lori. Akanipa pole. Akaomba kurekodi, eti utaratibu tu. Akauliza marehemu siku hizo alikuwaje. Nikajibu kama ninavyowajibu watu msibani: "Kijana alikuwa anachoka sana, kazi mbili, hata kulala halali." Kwetu hiyo ni sifa. Wao wakaigeuza utetezi, eti alikuwa amechoka kwa hiyo kosa ni lake, maana kwa sheria ya Texas marehemu akibebeshwa zaidi ya asilimia 50 ya kosa, familia haiambulii kitu.

Tulifungua kesi mahakama ya jimbo, kampuni ya lori wakaihamishia ya shirikisho, yaani ya serikali kuu ya Marekani. Niliposikia "shirikisho" nikadhani FBI watagonga mlango! Kumbe mdaiwa akiwa wa jimbo lingine, na dai likizidi dola 75,000, ana haki ya kuomba ihamie huko. Sheria ya ajali yenyewe inabaki ileile ya Texas.

Kilichoniuma ni kingine. Sheria ya hapa, mtu akifa kwa kosa la mwingine, wanaoweza kudai kwa ajili ya kifo chake ni mke au mume, watoto na wazazi. Kaka hayumo. Mimi niliyemlipia nauli ya kuja, niliyemwosha kwa mikono yangu, simo. Niliingia kwa mlango wa msimamizi wa mirathi. Mama yetu kule Tanga ndiye aliyekuwa mdai, tena ikabidi athibitishe kwamba kamzaa mwanawe, kwa sababu jina kwenye cheti cha kuzaliwa limepungua herufi moja kuliko kwenye pasipoti. Kilichotuokoa upande wa kuthibitisha hasara, yaani msaada ambao marehemu alikuwa akimtumia mama, ni simu ya mama ya kitochi. Hakuwa amefuta hata ujumbe mmoja wa M-Pesa. Kila mwanzo wa mwezi, laki mbili, laki mbili, miaka minne. Kwa hiyo tunzeni risiti, tunzeni meseji, na vyeti virekebishwe mkiwa hai.

Na wakili atafutwe mapema. Dereva wa lori la mizigo haruhusiwi kuendesha zaidi ya saa 11 bila kupumzika saa 10 mfululizo, na kumbukumbu za saa zake kampuni inalazimika kuzitunza miezi 6 tu. Wakili anawaandikia barua haraka wasifute kitu. Sisi tulichelewa kwa sababu ya vikao vya familia. Jamani, tunapenda vikao! Texas muda wa kufungua kesi ni miaka 2, na yapo majimbo yenye mwaka 1 tu. Arobaini ikipita, mtu awe ameshaonana na wakili.

Narudia: usiongee na mtu wa bima. Sema "nitakupa namba ya wakili wangu," kata simu, hata kama huna wakili bado.

Na kama umeshaongea, dada, mwambie wakili wako leo. Mimi nilimficha wangu, kwa aibu. Siku ya kuhojiwa chini ya kiapo, upande wa pili wakaweka kompyuta mezani wakabonyeza, na sauti yangu ikatoka: "hata kulala halali." Wakili wangu aliisikia hapo kwa mara ya kwanza. Hakunitazama. Alivua miwani, akaanza kuifuta kwa tai.