SWALI: Tunataka kufungua ajansi ya pub (matangazo ya biashara) hapa Lubumbashi, dini inasema nini?

Swali: Assalam alaykum sheikh. Mimi na rafiki yangu tunataka kufungua ajansi ya pub hapa Lubumbashi, pano za barabarani, video za WhatsApp na Facebook, na gari ya spika ya kupita mu kartie. Kampuni moja ya bia imeshatuita na makuta yao ni mingi. Tena mwenzangu anasema tuanze bila makaratasi, tutajiandikisha tukishapata faida. Iko halali?

Jibu: Wa alaykum salaam ndugu yangu. Kazi yenyewe ni halali, mutu asikutishe. Bukhari, mu kitabu chake cha hadithi, ameweka mlango wa ujira wa dalali, akataja kwamba wanazuoni wa zamani Ibn Sirin, Ataa, Ibrahim na Hasan hawakuona ubaya. Na wewe ni dalali tu, unaita watu waje wanunue.

Sasa bia. Katika hadithi ya Tirmidhi, Mtume (s.a.w.) alilaani watu kumi juu ya pombe, yumo anayeibeba, anayeiuza na anayekula bei yake, basi usiniambie "mimi sinywi, nimechapa afishi tu". Anayeibeba naye hakunywa. Sura Maida aya ya 2 imekataza kusaidiana katika dhambi. Pari za mpira, ile kamari ya mechi, ni vilevile, na mikopo ya riba. Najua nimekutolea wateja wakubwa wa mji huu, njo maana nasema ukate shauri mapema, mbele ya kulipia biro na kuchukua wafanyakazi, maana ukishakuwa na kodi ya mwezi juu ya kichwa njaa itakuwa mufti wako.

Na ukishakata shauri liandike mu kontra: ajansi ina haki ya kukataa tangazo lolote lenye pombe, kamari ao uongo. Waislamu wanafungwa na masharti yao, hadithi iko kwa Abu Dawud na Tirmidhi. Andika pia pano itakaa siku ngapi, upepo ukiipasua nani analipa, na makuta inalipwa lini. Kama mteja anataka kukulipa kwa kila mtu utakayemletea, sawa, paka bei ijulikane toka mwanzo, isiwe "tutaangaliana mbele".

Hapa kwenye uongo nataka nikae kidogo. Mwenye duka anakuja kwako, jana alipandisha bei ya simu, leo anataka uandike "promo, bei imeshuka". Mwingine anajiita dokta wa miti, anaponya sukari, presha na ugumba na chupa moja. Ukimuuliza, anakujibu "wewe andika tu". Hapana! Mtume alitia mkono mu lundo la chakula sokoni, vidole vikakuta maji chini, akasema mwenye kughushi si katika sisi (hadithi iko kwa Muslim). Sasa wewe njo unayepanga kile chakula kikavu juu kificha maji. Na kununua "like" za Facebook, ao kuwaambia binamu zako waandike chini ya video "nimetumia, ni nzuri sana" na hawajaigusa, hiyo ni najashi, kupandisha bidhaa ya mtu bila nia ya kununua, na iko haramu katika Bukhari na Muslim.

Kwa makaratasi mwenzako amekosea, na hana hata sababu ya makuta. Congo iko mu OHADA, umoja wa inchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, tangu 2012, na sheria zake zinamjua mfanyabiashara mdogo, zinamwita entreprenant, anatangaza kazi yake kwa RCCM (daftari la Leta la wafanyabiashara) bila kulipa, lakini haanzi mpaka apate namba. Kama ni kampuni, pitia Guichet Unique, biro ya Leta ya kuandikisha kampuni. Pano inataka ruhusa ya mji na ya mwenye parsele, yote mawili. Ukiandika TVA (kodi ya mauzo) ya 16% mu fakture, ile si faida yako, ni amana ya Leta, ndiyo serikali. Wimbo wa msanii kwenye video usiuchukue hivihivi, sheria ya haki za watunzi iko tangu 1986, muulize msanii ao SOCODA, shirika la haki za watunzi. Picha ya mama wa sokoni nayo hivyo, pata ruhusa yake kwa maandishi, Code du numérique, sheria ya dijitali ya 2023, inalinda habari za mtu, na hata kabla ya sheria ile ni haki yake. Ajenti wa Leta akija kutaka "ya maji", ndiyo rushwa, dai kitansi. Mtoa rushwa na mpokeaji wote wamelaaniwa. Kwa yanayobaki tafuta avoka, mimi si avoka.

Na nyinyi wawili, hamkuniuliza lakini nasema: faida mgawane kwa asilimia mliyokubaliana, si "mimi nipate dola 300 kila mwezi hata tukikosa". Hasara inafuata mtaji, kila mtu kwa kadiri aliyoweka. Kama yeye ametoa kamera na gari na wewe umetoa kazi tu, vikiharibika bila uzembe wako huwezi kudaiwa. Hilo nalo mliandike na mashahidi wawili, hata kama mmelelewa nyumba moja.