Je, kupunguza matumizi ya Idi ni uchoyo?

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Mimi ni mama wa watoto watatu. Idi kwetu imegeuka kuwa msimu wa kununua: nguo mpya za watoto, mapambo ya plastiki, maputo, sahani na vikombe vya kutumia mara moja, na chakula ambacho wageni wakiondoka kinabaki nusu. Siku ya pili tunajaza mifuko ya takataka, na mume wangu anabaki na deni. La mwaka jana mpaka leo hatujalimaliza. Mwaka huu nimemwomba tufanye Idi nyepesi: watoto wavae nguo nzuri walizonazo, tutumie vyombo vyetu vya nyumbani, tupike kwa kiasi, na vitu vya kununua na kutupa tuviache. Yeye ameridhia. Lakini mama mkwe na mawifi wanasema hilo ni uchoyo, nawanyima watoto furaha yao, na kwamba Idi ni katika alama za Allah, hivyo haifai kubana mkono. Je, nimekosea? Na ni kweli kwamba mambo ya kutunza mazingira hayahusiani na dini? Mwisho, ikija Idi kubwa na deni bado lipo, tuchinje au tulipe?

JIBU: Waalaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakaatuh. Himdi zote zinamstahiki Allah, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na maswahaba zake.

Dada yangu, hujakosea. Lakini kabla sijakupa dalili, nataka kusimama kidogo kwenye maneno ya mama mkwe wako, kwa sababu yana upande wa haki na haifai kuyatupa yote.

Kuifurahia Idi ni sehemu ya dini. Mtume (rehma na amani zimshukie) alipofika Madina aliwakuta watu wana siku mbili za kucheza, akawaambia kwamba Allah amewabadilishia zilizo bora kuliko hizo: siku ya Adh-ha na siku ya Fitri. Ameipokea Abu Daud kutoka kwa Anas. Na Abu Bakr alipowakemea mabinti wawili waliokuwa wakiimba nyumbani kwa Bi Aisha siku ya Idi, Mtume alimwambia awaache, kwani kila watu wana sikukuu yao na hii ni sikukuu yetu. Hii iko katika Bukhari na Muslim. Kwa hiyo mtu akija na jina la "Idi nyepesi" huku makusudio yake ni nyumba kununa, watoto kukatazwa kucheza na wageni kupokewa kwa uso wa mbao, huyo ameikosa sunna hata kama hakutumia senti moja. Nimeona baadhi ya watu wema wakiingia katika mtego huu: wanaanza kwa kuukimbia ubadhirifu, wanaishia kuwaharamishia watu wao kile ambacho Allah hakukiharamisha.

Sasa tazama Qur'ani ilivyoyaweka mambo haya pamoja. Katika Suratul A'raf, aya ya 31, Allah anatuamrisha tuchukue pambo letu kila tunapokwenda kwenye ibada, tule na tunywe, na hapohapo anasema tusifanye israfu, kwani Yeye hawapendi wafanyao israfu. Kisha aya ya 32 inauliza: ni nani aliyeharamisha pambo la Allah alilowatolea waja wake na vilivyo vizuri katika riziki? Pambo limeruhusiwa, chakula kimeruhusiwa, furaha imeruhusiwa. Kilichokatazwa ni kupita kiasi. Wewe umesema unataka kukiacha hicho kilichopita kiasi, na cha asili kibaki palepale.

Ni wapi basi mambo yalipotuharibikia? Jibu ninalolipenda zaidi limetoka kwa Abu Ayyub al-Ansari, yule aliyempokea Mtume nyumbani kwake alipohamia Madina. Ata bin Yasar alimuuliza udhiya, yaani wanyama wanaochinjwa Idi kubwa, zilikuwaje zama za Mtume. Akajibu kwamba mtu alikuwa akichinja mbuzi mmoja kwa ajili yake na watu wa nyumba yake, wakila na wakilisha, mpaka watu walipoanza kujifakharisha, mambo yakawa kama unavyoyaona. Wameipokea Tirmidhi na Ibn Majah.

Yasome maneno hayo polepole. Huyu ni swahaba, analalamika katika uhai wake mwenyewe kwamba Idi imeingiwa na mashindano. Na lawama yake ameielekeza kwenye fahari: kuchinja ili kwa jirani pajue, kupika ili mgeni akasimulie. Maradhi ni hayohayo tunayoyaona leo, ila leo yamepata vifaa vingi zaidi. Picha ya meza inatumwa kabla watu hawajala, na kila nyumba inajipima kwa nyumba nyingine.

Ili ujue kwamba wingi peke yake si israfu, kumbuka Hija ya kuaga. Mtume alitoa ngamia 100 kuwa wanyama wa Hija. Katika hadithi ya Jabir iliyopokewa na Muslim, alichinja kwa mkono wake 63, akamwachia Ali waliobaki, kisha akaamuru kikatwe kipande kutoka kwa kila mnyama, vikawekwa chunguni vikapikwa, wakala ile nyama na wakanywa mchuzi wake. Na Ali anasimulia, katika Bukhari na Muslim, kwamba aliamrishwa agawe sadaka nyama zao, ngozi zao na hata matandiko waliyovishwa mgongoni, na asimpe mchinjaji chochote katika hivyo kuwa ujira wake. Ngamia 100, na hata tandiko lilipata mtu wa kulitumia! Nyumba inayopika chungu kimoja kisha ikamwaga nusu imefanya israfu ambayo haikuwepo katika ngamia wale wote.

Kwa hiyo ukipanga Idi yako, usianze na swali la "tupunguze nini". Anza na "hiki kitamfikia nani". Chakula hesabu kwa watu unaowatarajia, ongeza kidogo kwa mgeni wa ghafla, basi. Pakua kidogo kwenye sahani na mtu aongezewe akitaka, maana sahani iliyojazwa na kuachwa nusu haina wa kuila tena. Mtume ametufundisha kwamba tonge likianguka mtu aliokote, aondoe uchafu uliolishika, alile, wala asimwachie shetani, na ameamrisha sahani isafishwe mpaka mwisho, kwani hatujui baraka iko katika sehemu gani ya chakula chetu. Hadithi hii iko katika Muslim. Tonge moja limepewa hukumu yake, sembuse sufuria.

Na fungu la masikini litengwe mwanzo, chakula kikiwa safi na cha moto, kabla mkono wa mgeni haujafika. Nalisisitiza hili kwa sababu watu wengi husema "hakitupwi, tutawapa masikini", na wanachomaanisha ni mabaki ya jioni yaliyokwisha kuchezewa. Allah amesema katika Suratul Baqara, aya ya 267, tusikusudie kilicho kibaya ndicho tukitoe, hali sisi wenyewe tusingekipokea ila kwa kufumba macho. Mabaki yaliyo mazuri wapeni watu, ni kheri, lakini yasiwe ndiyo mgao wao. Na zakatul fitri haiguswi kabisa katika huku kupunguza. Hiyo ni pishi ya chakula kwa kila kichwa, mkubwa na mdogo, na itoke kabla ya swala.

Nguo. Hakuna dalili inayowajibisha nguo mpya. Lililosuniwa ni kuoga, kujitia manukato kwa wanaume, na kuvaa iliyo nzuri katika ulizonazo. Ibn Umar alikuwa akivaa nguo zake bora katika Idi mbili. Nguo iliyofuliwa ikapigwa pasi, kifungo kilichokatika kikashonwa, inatimiza sunna hiyo kikamilifu. Mtoto aliyekua nguo ikambana, mnunulie, na ile ndogo ishuke kwa mdogo wake au kwa mtoto wa jirani. Usifanye ukaidi wa kukataa kila kipya, kwani Allah anapenda kuona athari ya neema yake kwa mja wake. Kipimo kiko katika hadithi aliyoipokea Nasai: kuleni, toeni sadaka na vaeni, pasi na israfu wala kibri.

Furaha ya watoto ndiyo inayowatia hofu zaidi mawifi zako, na wana haki ya kuulizia. Bi Aisha anasimulia kwamba siku ya Idi Wahabeshi walikuwa wakicheza kwa mikuki na ngao zao msikitini, na Mtume akamsimamisha nyuma yake, shavu lake juu ya shavu lake, akitazama mpaka alipochoka mwenyewe. Mtume wa Allah alisimama, na umma mzima unamngoja, mpaka mke wake kijana atosheke na mchezo! Hicho ndicho watoto wako wanachokitaka na ambacho nyumba nyingi hazikitoi, kwa kuwa mama yuko jikoni tangu alfajiri na baba yuko kwenye simu. Punguza mapishi ili uwe na nafasi ya kukaa nao. Wapelekeni kwenye swala kwa miguu kama uwanja uko karibu, mlete takbira kwa sauti njiani, mrudi kwa njia nyingine kama alivyofanya Mtume. Asubuhi ya Fitri wapeni tende kabla ya kutoka, kwa hesabu ya witiri (moja, tatu, tano na kuendelea), na waacheni wazihesabu wenyewe. Zawadi wapeni pia, ndogo na ya kudumu, na muwe waadilifu baina yao. Mtume amewaambia wanawake wa Kiislamu asidharau jirani kumpa jirani yake zawadi japo kwato ya mbuzi.

Ama swali lako kuhusu mazingira, aliyekwambia hayahusiani na dini hakutazama vizuri. Mtume alitawadha kwa mudi moja ya maji, ambayo ni ujazo wa viganja viwili vya mtu wa wastani, na akaoga kwa pishi moja, yaani mudi nne, mpaka mudi tano. Hiyo ni katika ibada yenyewe, na akifanya kwa ajili ya Allah. Na amesema kwamba imani ina matawi sabini na kitu, la juu kabisa ni neno La ilaha illa Allah, na la chini kabisa ni kuondoa udhia njiani. Sasa fikiria uwanja wa Idi baada ya hotuba: plastiki walizotandika watu kusalia, chupa za maji, mifuko, vyote vimeachwa pale, na upepo unavipeleka kwenye mitaro na majumba ya watu. Ikiwa kuokota ni tawi la imani, aliyetupa yuko wapi? Nenda na msala wako na urudi nao.

Sahani za kutumia mara moja na maputo kwa asili yake ni halali, sisemi kinyume cha hivyo, na mwenye dharura asijitie dhiki. Lakini kanuni ya sheria ni kwamba hakuna kudhuru wala kudhuriana. Takataka zikichomwa uani, moshi wa plastiki unaingia kwa jirani mwenye mtoto mchanga au mwenye pumu, na zikitupwa mfereji ukaziba, maji ya mvua yatamfikia asiyekula hata tonge la karamu yako. Na kama vyombo unavyo kabatini, au unaweza kuazima, kununua vya kutupa ni kutumia mali pasipo haja. Wageni wakigawana kazi ya kuosha, nusu saa imekwisha.

Kuhusu wakwe zako, nakuomba upole mwingi. Usiwahubirie siku yenyewe ya Idi, wala usiipime sahani ya mtu nyumbani kwake. Mama mkwe akiwaletea watoto nguo mpya, pokea kwa furaha, wavae siku hiyohiyo na mumwombee dua, kwani kukataa zawadi yake kutavunja jambo kubwa kuliko unalolijenga. Na mazungumzo ya matumizi ayabebe mume wako kwa mama yake, si wewe. Muhimu mkono usionekane mfupi pale penye haki: mgeni akirimiwe, jirani apelekewe, ndugu waungwe. Wakiyaona hayo yapo, neno la uchoyo litakosa pa kushika.

Tumalizie na deni. Kukopa kwa ajili ya nguo, mapambo au karamu ya Idi hakujaamrishwa, na kama mkopo una riba basi ni haramu bila shaka. Deni lililokwisha kufika muda wake, na mwenyewe anadai, linatangulia udhiya, kwa sababu kulipa ni wajibu, na udhiya kwa wanachuoni walio wengi ni sunna iliyokokotezwa, yaani iliyotiliwa mkazo bila kuwa wajibu. Hata Mahanafi, wafuasi wa madhehebu ya Imam Abu Hanifa, wanaoiwajibisha wameiwajibisha kwa mwenye uwezo. Kama deni ni la mafungu, muda wa fungu haujafika na mume wako ana uhakika wa kulilipa, anaweza kuchinja. Mbuzi mmoja anatosha nyumba nzima, kama alivyosema Abu Ayyub, au mnaweza kushirikiana watu saba katika ng'ombe, kama ilivyothibiti katika hadithi ya Jabir. Na mkishindwa mwaka huu, msijione mmetengwa. Mtume alichinja kondoo wake akasema: Bismillah, Allahu Akbar, huyu ni kwa ajili yangu na kwa ajili ya wale wa umma wangu ambao hawakuchinja. Wameipokea Abu Daud na Tirmidhi.

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.