Kula sikukuu kwenye mgahawa wa kifahari na rafiki: niliyojifunza mimi

Mkuu, umesema rafiki yako amekualika mle sikukuu kwenye mgahawa wa kifahari, hujawahi kuingia sehemu ya namna hiyo, na unaogopa vitu viwili: utitiri wa uma mezani na bili. Mimi na rafiki yangu tuliyesoma naye tunafanya hivi kila mwisho wa mwaka, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyapitia.

Bili kwanza, maana ndiyo inayoharibu siku. "Nakualika" inaweza kuwa "nalipa mimi" au "twende pamoja". Muulize sasa hivi, kabla ya siku yenyewe. Mara yetu ya kwanza hatukuulizana. Yeye alidhani nalipa mimi, mimi nikadhani analipa yeye, basi kila mmoja akawa anaagiza kwa kubana ili asimuumize mwenzake. Samaki alikuwa mtamu lakini ninachokikumbuka ni ile hofu. Mwaka uliofuata tulikubaliana mapema nusu kwa nusu, kila mtu akaweka akiba yake, na nikala kwa raha.

Pia ujue kwamba sikukuu migahawa mingi ya hadhi hiyo huweka kando menyu ya kawaida na kutoa menyu maalumu ya bei moja kwa kila mtu. Ukumbi unajaa kwa wakati mmoja, na jiko haliwezi kutoa vyakula vya kila aina vyote vikiwa sawasawa. Mnapoweka nafasi ulizeni kama bei inajumuisha vinywaji na ada ya huduma, na kama malipo ya awali yanarudishwa mkighairi. Kama karanga, maziwa au kamba vinakudhuru, sema siku hiyohiyo ya kuweka nafasi. Sosi nyingi hupikwa saa nyingi kabla hujaketi, na kilichokwisha kuingia hakitoki.

Uma zisikutishe. Anza na za nje kabisa, uingie ndani kadiri sahani zinavyokuja. Sahani ya mkate iliyo kushoto ni yako, glasi zako ziko kulia. Ukimaliza, laza kisu na uma sambamba juu ya sahani. Mkiagiza divai, mhudumu atammiminia mmoja wenu kidogo aionje. Haulizi kama mmeipenda, anataka kujua kama imeharibika, kwa sababu kizibo cha gome huweza kuitia harufu ya ukungu. Kama hamnywi kilevi, semeni tu, hakuna atakayewashangaa.

Kitu kikubwa kuliko vyote ni mwendo wa mlo wenyewe. Sahani huja moja moja. Mtindo huo huitwa wa Kirusi na ulienea Ufaransa katika karne ya 19. Kabla ya hapo vyakula vingi viliwekwa mezani kwa mkupuo, vikipoa watu wakiendelea kula. Mlo wa sahani tano au sita unaweza kuchukua saa mbili hadi tatu, na sehemu kubwa ya muda huo meza yenu haina chakula. Mara ya kwanza nilidhani wametusahau. Mwaka jana, sahani ya tatu ilipoondolewa na ya nne haijafika, rafiki yangu aliniambia habari za ugonjwa wa baba yake ambazo hakuwahi kunigusia mwaka mzima, na kwenye simu tulikuwa tunaongea karibu kila wiki. Mhudumu alituona, akachelewesha sahani bila kuambiwa. Kwa mimi, hela yangu ilikwenda pale.

Ndiyo maana sikubaliani na waliokwambia utafute tu penye nyota za Michelin, kile kitabu cha Kifaransa kinachopanga migahawa kwa ubora. Nyota zile hupima kilicho kwenye sahani, basi. Nyinyi mnataka pia mahali mnaposikilizana. Mkipiga simu ombeni meza iliyo mbali na mlango wa jikoni na mbali na spika, ikiwezekana ya pembeni. Mchana kula kitu chepesi, usiache tumbo tupu maana utajaza mkate kabla ya sahani ya kwanza. Na usipange kwenda popote baada ya hapo.